Barua kwa mwanangu: Ganzi haifiki mdomoni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unauliza kama uwaombe wakulaze usingizi kabisa siku ya operesheni ya kujifungua, maana ukifikiria tu kwamba utakuwa macho huku watu wanakupasua tumbo, mwili mzima unakufa. Jibu la ndiyo au hapana ninalo, nalo linaniwasha ulimini. Lakini ngoja kwanza nikuambie jambo ambalo hukuniuliza.

Ganzi haifiki mdomoni. Kwa sindano ya mgongo wanakufisha ganzi kuanzia chini ya maziwa hadi vidoleni, basi. Macho yako, masikio, mikono na mdomo vinabaki kuwa vyako. Nakujua tangu ulipokuwa unalala na taa ikiwaka. Sidhani unachokiogopa ni kuwa macho. Unaogopa kuwa macho halafu useme na mtu asikusikie.

Wewe nilikuzaa njia ya kawaida, habari zake unazijua, sirudii. Mdogo wako ndiye aliyetanguliza makalio na kukataa kugeuka, wakanipangia tarehe. Baba yako na damu unamjua, akabaki nje. Mimi nikakalishwa ukingoni mwa kitanda, nikaambiwa nikumbatie mto na niuinamishe mgongo kwa mbele, nesi amenishika mabega. Sindano ya kwanza ilichoma kidogo, ni ile ya kufisha ngozi. Ya pili niliisikia kama msukumo tu. Mara joto likashuka miguuni, halafu miguu ikawa mizito, ikawa si yangu tena. Wakanilaza, wakaniwekea shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lielemee kushoto, maana uzito wa mimba ukiulalia ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha inaanguka.

Kisha daktari wa usingizi akachukua pamba yenye spiriti. Akanigusa begani: baridi. Akanigusa pajani: sikusikia kitu. Akapanda taratibu upande wa kulia, kitu hakuna. Alipofika kushoto, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, nikasikia baridi. Na mpasuaji alikuwa ameshavaa glavu, ameinua mikono, anasubiri. Akasema, wala si kwangu, alisema hewani tu: "Wengine huwa ni woga tu." Mwanangu, mdogo wako sasa ni mtu mzima anayenyoa ndevu, lakini sentensi ile bado inanichoma. Nilikuwa nimelala pale, nusu ya mwili sina, na mtu aliyeshika kisu ananiona mwoga kabla hata sijafungua kinywa.

Nikafikiria kunyamaza, nisiwacheleweshe watu. Kwa nini sisi hufikiria hivyo? Mtu anataka kukupasua, nawe unaona haya kumchelewesha! Nikasema: "Kushoto nasikia baridi." Yule daktari wa usingizi hata hakumtazama mwenzake. Alisema, "Basi tunasubiri." Akakilaza kitanda kidogo upande wa kushoto, akakaa karibu na kichwa changu, akapima tena, na tena, mpaka ubaridi ukapotea pande zote mbili hadi karibu na maziwa. Hapo ndipo alipomruhusu. Jina lake sikulijua, lakini nimemwombea dua mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zetu.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa kama nilivyokuwa nimekihofia. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi kuguswa, na hilo ni bora ulijue mapema lisije kukushtua. Utasikia kuvutwa na kusukumwa, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba uliopakata wewe. Mimi nilisikia kichefuchefu na kizunguzungu, nikasema, akaniongezea dawa kwenye dripu, kikapita. Nilitetemeka mikono na meno, nikaambiwa ni kawaida, na ni kweli huwapata wengi. Mtoto hutolewa ndani ya dakika chache tu tangu waanze. Kinachochukua muda ni kushona. Mdogo wako waliponiinulia juu ya pazia, alikuja kwa makalio yale yale aliyotanguliza tumboni, analia kwa hasira, wakamleta shavuni kwangu na ule ute mweupe bado umemganda masikioni. Kushonwa kote sikukusikia. Nilikuwa nahesabu vidole vyake.

Shangazi yako najua ameshakupigia simu kukutisha kwamba sindano hii hupoozesha watu. Hii si dawa ya juzi kama anavyosema: daktari Mjerumani, August Bier, alianza kufanya upasuaji kwa sindano ya namna hii mwaka 1898. Na kuhusu kupooza, ule uzi mnene wa neva unaoshuka ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima, kwa kawaida huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na madaktari huchoma chini ya hapo. Kichwa kinaweza kukuuma baadaye, hasa ukikaa au kusimama, na ukilala kinapungua. Kikitokea, usikae nacho kimya, waambie.

Sasa naona nimeshaanza kukuvutia upande wangu, nami niliapa nisifanye hivyo. Wewe si mimi. Wapo wanawake ambao kuwa macho kwao kungekuwa mateso matupu, na wapo ambao hawana hiari: damu isiyoganda vizuri, au mtoto yuko hatarini na hakuna muda wa kungoja ganzi ishike. Aliyelazwa usingizi ni mama kamili, asikudanganye mtu. Lakini pia madaktari hawapendelei sindano ya mgongo kwa ukaidi. Mjamzito akilazwa usingizi, vilivyomo kwenye mfuko wa chakula vinaweza kupanda na kuingia mapafuni, njia yake ya hewa inaweza kuwa ngumu kwa mpira wa kupumulia, na dawa humfikia mtoto kabla hajatoka. Haya nayo ni ya kupima. Ona, nimerudi kule kule.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba kuonana na daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe, si mlangoni mwa thieta. Mwambie kwa mdomo wako: naogopa kukisikia kisu. Usilipambe. Muulize atapimaje ganzi, na ukisikia maumivu katikati atafanya nini. Ajibu wazi: watasimama, wataongeza dawa, na ikibidi watakulaza usingizi pale pale. Kukubali kuanza ukiwa macho si kufungiwa mlango. Waambie kama unataka usimuliwe kila hatua au usisimuliwe lolote. Uliza kama mumeo ataruhusiwa kukaa kichwani pako, na umwambie mapema kazi yake: ukishindwa kusema kwa sauti, yeye aseme. Mpira wa mkojo waombe wauweke baada ya ganzi kushika, si kabla. Hilo kwangu hakuna aliyenishauri.

Na pamba ikikugusa, jibu ukweli, hata kama chumba kizima kimevaa glavu na kinakungoja. Ganzi haifiki mdomoni.

Uchague lipi, sisemi. Mwili ni wako, na daktari anayekujua presha na damu yako ni yule, si mimi. Ila ukiniuliza mara ya pili, mwanangu, nitakujibu.

Mama yako