Jibu: Kuishi na mtoto mdogo nyumba inapokarabatiwa

Dada, umeuliza kama mnaweza kuendelea kuishi katika nyumba yenu ya zamani hapo Milimani, Kisumu, huku mafundi wakikwangua rangi ya kuta, ilhali mtoto wenu ana mwaka mmoja na nusu. Kwa maoni yangu, siku za kukwangua mpelekeni kwa nyanya yake, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, na mtoto wa umri huo, anayeshika kila kitu kisha akatia vidole mdomoni, hufyonza risasi nyingi kuliko mtu mzima, jambo linaloweza kudhuru ubongo wake bila dalili za mapema. Fundi asipige msasa ukuta mkavu. Aulowanishe kwanza, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa. Sisi tulifunga chumba kimoja kwa turubai tukadhani yametosha, tukasahau upepo wa ziwani wa alasiri, uliosukuma vumbi hadi kwenye chandarua cha mtoto (nilikifua mara tatu). Kazi ya vumbi, basi, imalizike kabla ya adhuhuri. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi. Ndoo za maji zifunikwe mtoto asije akatumbukia, maana mafundi huzisahau uani.