Sauti ya laptop itoke kwenye TV, sabufa na spika ya Bluetooth kwa pamoja: kaka, tatizo sio draiva

SWALI: Habari fundi. Nina kibanda umiza huku Mbagala, naonyesha mpira na muvi. Natumia laptop ya Windows 10, HDMI inaenda kwenye TV, sabufa nimeichomeka kwenye tundu la hedfoni, na kuna spika ya Bluetooth naiweka nje mlangoni ili wapita njia wasikie. Nataka zote tatu zilie pamoja ila inalia moja tu, nikichagua TV sabufa inanyamaza, nikichagua sabufa TV inanyamaza. Fundi wa mtaani kaniambia draiva imekufa, kapiga Windows upya kachukua elfu 25, hali ni ile ile. Saivi anasema ninunue saundi kadi ya USB ya 7.1. Ninunue?

JIBU: Usinunue, kaka. Draiva yako (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa cha sauti) ilikuwa nzima, Windows nayo ilikuwa nzima, hiyo elfu 25 imeliwa bure. Hili swali silali bila kuletewa, na karibu kila anayeleta ameshapita kwa mtu aliyempigia Windows upya, inaniuma sana kwa sababu Windows imetengenezwa hivyo hivyo toka kiwandani: inachagua kifaa kimoja cha kutolea sauti na kila kitu kinaenda huko. Kuanzia toleo la Aprili 2018 unaweza kuipangia kila programu kifaa chake, mfano VLC iende kwenye TV na Chrome iende kwenye sabufa, lakini sauti ile ile moja iende sehemu mbili kwa mpigo, hapo hakuna kitufe cha moja kwa moja. Piga Windows mara ngapi utakazo, itakuwa vile vile.

Sasa kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba sauti ni kama maji kwenye bomba, kuna mahali pameziba, akipatikana wa kuzibua itamwagika kote. Hapana. Kila kifaa kinachotoa sauti kina saa yake ndani, kuna kristali inayohesabu sampuli (vipande vidogo vidogo vya sauti), tuseme 48,000 kwa sekunde. Chipu ya laptop inahesabu 48,000 zake, spika ya Bluetooth inahesabu 48,000 zake, na hakuna kristali mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 kwa milioni, ambayo kwa vitu vya bei zetu sio ajabu, ni sampuli 2.4 tu kila sekunde. Unaona ndogo eh? Pigia hesabu ya saa nzima: sampuli 8,640, yaani karibu milisekunde 180. Mpira unaanza vizuri, kufika kipindi cha pili mtangazaji wa ndani keshasema goli na wa nje ndo anavuta pumzi. Programu nyingine zinajaribu kulificha hilo kwa kuruka sampuli au kurudia, ndo pale unasikia "tak, tak" au mkwaruzo kila baada ya muda, halafu mtu anakwambia spika imeharibika.

Na hapo bado hatujagusa Bluetooth yenyewe. Bluetooth ya kawaida inachelewa hata kabla saa hazijaanza kupishana, milisekunde 150 mpaka 250 ni jambo la kawaida. Sauti hewani inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukichelewesha milisekunde 200 ni sawasawa na kuiweka hiyo spika mita 68 kutoka hapo ilipo. Mteja aliyekaa karibu na mlango atasikia kila neno mara mbili. Hilo halina draiva.

Kwa kibanda chako dawa ni kuiacha laptop itoe sauti sehemu moja tu, kugawa tugawie nje. HDMI iende kwenye TV kama ilivyo sasa, halafu geuza TV uangalie mgongoni: kama kuna matundu mekundu na meupe yameandikwa "Audio Out" au "AV Out" (soma vizuri, yale ya "In" yanafanana nayo kabisa) toa waya hapo upeleke kwenye sabufa. Picha na sauti vyote vimepita kwenye TV kwa hiyo midomo na maneno vitaenda pamoja, na hapo umeshapata viwili vinavyofuata saa ile ile. Tundu la hedfoni la TV nalo linafaa ila TV nyingi ukichomeka hapo spika zake zinanyamaza, ambayo kwa ukumbi wenye sabufa wala sio hasara. Kama TV ina tundu la optiko (linalotoa sauti kwa mwanga) peke yake, nunua kile kiboksi kidogo cha kubadilisha kwenda RCA (yale matundu mekundu na meupe), halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uweke "PCM" (sauti isiyobanwa). Ukiacha kwenye Dolby (sauti iliyobanwa) kiboksi cha bei rahisi hakielewi, utapata kimya au mchakacho, na wengi wanarudisha kiboksi kizima dukani kwa kosa hilo tu.

Spika ya nje izime Bluetooth, itafute tundu la AUX (la kuingizia sauti kwa waya), ipelekee waya kutoka tundu lile lile la TV. Kugawa tundu moja la kutolea kwenda vifaa viwili kwa waya wa Y hakuna shida, vifaa vyote viwili vitasikia. Ila usigeuze huo waya ukaunganisha matundu mawili ya kutolea kwenye kifaa kimoja, yataanza kusukumana yenyewe kwa yenyewe na unaweza kuunguza kitu. Ukipata mikisa ndogo (kifaa cha kugawa na kupima sauti) hata iliyotumika ndo vizuri zaidi, maana kila spika inakuwa na volyumu yake na nje unaweza kupunguza usiku majirani wakilala.

Kama lazima ufanye ndani ya laptop, kuna programu ya VoiceMeeter, yaani mikisa ya ndani ya kompyuta, ya bure, unaichukua kwenye tovuti ya wenyewe VB-Audio. Unaiweka, unawasha laptop upya, kwenye Windows unachagua "VoiceMeeter Input" kuwa kifaa kikuu, kisha kwenye nafasi za kutolea sauti, A1 unaweka kifaa kimoja na A2 kingine. A1 ndo saa inayoongoza, kwa hiyo hapo weka cha waya, Bluetooth usiiweke. Wengine watakwambia uwashe "Stereo Mix" (chaguo la Windows la kunasa sauti inayolia), sawa, lakini hiyo inasikia kinachopita kwenye chipu ya laptop tu, ukiwa umechagua HDMI haisikii chochote, na inaongeza kuchelewa. Mwenye Mac anayo njia tayari kwenye programu ya Audio MIDI Setup, anatengeneza "Multi-Output Device" na kuweka tiki ya "Drift Correction", yaani wenyewe wanajua saa zinapishana. Vitufe vya volyumu vitagoma, asishtuke.

Sasa hiyo saundi kadi ya 7.1 (maana yake spika saba na sabufa moja). Fungua macho uone: vile vya USB vya bei rahisi vina tundu moja la hedfoni na moja la maiki, hiyo 7.1 ni ya kuigiza kwenye programu. Unachonunua ni kifaa cha nne chenye saa yake ya nne. Anayekuuzia hicho kutibu tatizo la saa hajui anachotibu.

Na wapo wabaya kuliko huyo. Kuna wanaokuwekea programu ya kraki (iliyovunjwa ulinzi ili isilipiwe) na kukwambia "zima antivirusi kwanza", wakati VoiceMeeter ni ya bure, sasa umekraki nini? Laptop hiyo hiyo ndo umefungulia barua pepe na akaunti zako za hela. Kuna wanaokuwekea za kupandisha sauti asilimia 500. Sauti ya dijitali ina dari, ukiisukuma inakatwa vichwa, na mawimbi yaliyokatwa vichwa yanachemsha koili ya twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) mpaka inaungua, mteja anarudi kununua spika kwa mtu yule yule. Akija mtu na dawa ya namna hiyo muulize jambo moja kabla hajagusa laptop: vifaa hivi viwili vitafuata saa ya nani? Akijibu kuhusu draiva, funga laptop yako uondoke nayo.