Kisu mfukoni, plaizi kwenye baiskeli

Swali la wiki: "Ukiruhusiwa kubeba kimoja tu kila siku, utachukua kisu cha kukunja au plaizi ya kukunja yenye vifaa vingi ndani yake? Toa sababu." Jibu la msomaji wa Ngamiani, Tanga.

Ndugu Mhariri,

Kisu. Tena kisu kidogo, cha bapa moja au mawili, na plaizi ikae kwenye mkoba wa baiskeli. Wapo watu wa aina mbili hapa mjini ambao ningewashauri kinyume, nao nitawafikia.

Naanza na uzito, maana ndio unaoamua kama kitu kitatoka nyumbani. Kisu cha Victorinox aina ya Spartan kina sentimita 9.1 kikiwa kimekunjwa na gramu 60 hivi. Plaizi ya Leatherman aina ya Wave ina sentimita 10 ikikunjwa, na gramu kama 240. Hiyo ni karibu robo kilo ya sukari. Itie kwenye mfuko wa kanzu uone kanzu inavyolala upande. Ukiwa umejifunga msuli, mfuko wenyewe haupo, na fundo la msuli halikukusudiwa kubeba chuma. Kwa hiyo plaizi hubebwa siku tatu, ya nne ikabaki juu ya kabati, na siku ya tano ndipo inapohitajika.

Pili, tazama kazi zenyewe. Kumenya chungwa, kufungua boksi la duka, kukata kamba ya katani, kukata mdomo wa kiroba, kuchonga kijiti, kukata uzi wa nguo: yote ni kukata, wala hakuna pa kubana. Na kwenye kukata, bapa jembamba halina mpinzani. Bapa la plaizi huwa nene zaidi, na limekaa pembeni ya mpini badala ya katikati, kwa kuwa katikati pamechukuliwa na meno ya plaizi. Menyea chungwa la Muheza: ganda linakatikakatika badala ya kutoka utepe mmoja, kisu kinazama hadi kwenye nyama, na maji yanakuchuruzikia hadi kiwikoni. Mpini nao, kwa zile kona zake za chuma, unakuumiza kiganja kabla hujamaliza chungwa la tatu. Sijataja bado grisi ya mnyororo iliyomo humo ndani tangu jana.

Historia ya vyombo hivi inalieleza jambo hilo vizuri. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 1891 kilitakiwa kiwe na bapa, kifungua kopo, kitobozi na bisibisi, kwa sababu askari alikula chakula cha kopo na bunduki yake mpya ilihitaji bisibisi kufunguliwa. Mwaka 1897 Karl Elsener, mwanzilishi wa Victorinox, akasajili kile cha maofisa, chepesi, chenye kizibuo. Plaizi ya kukunja ilizaliwa kwa shida nyingine kabisa. Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya mwaka 1975 na gari bovu la Fiat, akiwa na kisu tu, na kila alipokwama alichokosa ni plaizi. Ya kwanza aliiuza mwaka 1983. Kwa hiyo anayenunua chombo hiki ananunua plaizi. Kisu, msumeno na kifungua chupa ni nyongeza. Kama hujabana wala kuvuta kitu kwa wiki nzima, umelipia nyongeza.

Sasa wale wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye baiskeli au bodaboda anayekwenda mbali na mafundi, tuseme njia ya Pangani au Horohoro. Waya wa breki ukilegea, unalegeza nati ya kubania kwa spana 10, unauvuta waya kwa plaizi mpaka mipira ya breki ikaribie rimu, unakaza nati huku umeushikilia. Vidole haviwezi kuuvuta hivyo. Lakini ona kwamba spana bado inahitajika. Kosa kubwa la wenye plaizi hizi ni kuzifanya spana. Meno yake yanaishika nati sehemu mbili tu, yanateleza, kona za nati zinaliwa, na baadaye hata spana halisi haishiki. Nati ya gurudumu, ambayo kwa kawaida ni ya spana 15, haifunguki kwa plaizi ya mfukoni. Weka spana 10 na 15 kwenye mkoba, usibishane na nati.

Sehemu ya kukatia waya nayo ina mipaka. Shaba na waya laini wa kufungia nondo, sawa. Spoki, waya wa breki na ndoano kubwa ni chuma kigumu: ukilazimisha, makali ya kukatia yanapata pengo, na waya wa breki unachambuka nyuzi badala ya kukatika. Baadhi ya plaizi za siku hizi, kama Wave+, zina vikatio vinavyofunguliwa na kubadilishwa. Hilo ni jambo la kulipia.

Na umeme! Mipini yake ni chuma kitupu kisicho na mpira, na ukutani kuna volti 230. Kukaza skrubu ndani ya plagi iliyochomolewa ni sawa. Kugusa soketi kabla ya kuzima meni swichi ni kujitafutia msiba. Hata pasipo umeme, bisibisi zake ni fupi na zimekaa pembeni, hivyo skrubu iliyozama ndani ya feni hazifiki.

Wa pili ni mvuvi wa mshipi. Ndoano ikiwa imeingia kooni mwa kolekole, plaizi yenye pua nyembamba inaitoa bila kuupasua mkono, na tasi mwenye miiba ya sumu hashikwi kwa vidole ovyo. Huyu abebe plaizi. Ila asimpasulie samaki kwa bapa la plaizi hiyo. Damu na magamba huingia kwenye kila mwanya, na mianya hiyo ni mingi, wala kuisafisha si kazi ya dakika mbili. Kupasua samaki ni kazi ya kisu kisichokunjwa, na visu hivyo vimejaa sokoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye adui wetu mkuu, nadhani wenzetu wa bara hawamjui hivi: chumvi. Neno "hakishiki kutu" lililochapwa kwenye bapa linawadanganya wengi. Chuma hicho kina kromiamu, kwa visu kama asilimia 13, inayotengeneza utando mwembamba sana juu yake kila inapokutana na oksijeni. Ukikwaruza bapa, utando unarudi wenyewe, kwa kuwa hewa ipo. Lakini ndani ya bawaba, chini ya springi, baina ya vifaa vilivyobanana, hewa ni haba. Chumvi ikiingia humo na unyevu wake, utando unavunjika na haurudi, chuma kinatobokatoboka kimyakimya huku nje kinang'aa. Kisu cha bapa moja kina bawaba moja tu ya kulindwa. Plaizi yenye vifaa kumi na zaidi ina bawaba kadhaa na mianya isiyohesabika. Mtu wa Sahare au Raskazone anayepigwa na upepo wa bahari kutwa alifikirie hili kabla ya bei.

Kikipata maji ya bahari, fanya hivi siku hiyohiyo, si kesho. Fungua kila kifaa. Kitumbukize kwenye maji matamu ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ufungue na kufunga kila bawaba mara kumi humo ndani ya maji, sugua mianya kwa mswaki wa zamani. Suuza, kung'uta, kiache wazi penye upepo hadi kikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta kwa kila bawaba, fungua na funga tena, futa yaliyozidi. Tone moja tu, kwani mafuta mengi hukusanya mchanga na nyuzi za katani.

Mafuta gani? Ya cherehani. Ni mepesi, yanapenya, hayachachi. Mafuta ya nazi tunayo tele, na kwa kupaka bapa linalogusa chakula hayana ubaya, ila kwenye bawaba yanachacha baada ya muda, na usiku wa kipupwe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda na kisu kinakuwa kizito kufunguka. Na ala ya ngozi itumie kwa matembezi, usihifadhie kisu ndani yake: ngozi hufyonza unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya chuma.

Visu vya chuma cha kaboni vina mashabiki wake, nao hawakosei sana. Vinanoleka haraka na vinachukua makali makali kweli. Okapi, ambacho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika na sasa kinatengenezwa Afrika Kusini, ni cha aina hiyo. Opinel ya Ufaransa nayo ipo ya kaboni. Lakini kwa hewa ya Tanga, bapa la kaboni likilala na unyevu wa ndimu linaamka na kutu, na embe linalokatwa nalo linapata weusi na ladha ya chuma. Mpini wa mti wa Opinel una tatizo lake pia: wakati wa masika mti unavimba, unalibana bapa, na kufungua kunataka kucha za chuma. Kianike kivulini, kikishakauka sugua mwanya kwa msasa laini, upake mti mafuta. Kwa hapa pwani, ningechukua isiyoshika kutu na kuridhika na makali yaliyopungua kidogo.

Dukani, nenda na sumaku ndogo. Kuna wauzaji wanaokuambia chuma halisi kisichoshika kutu hakinasi sumaku. Kwa sufuria na vijiko mara nyingi ni kweli. Kwa kisu ni kinyume: chuma cha visu kinachogumishwa kwa moto hunasa sumaku, na bapa lisilonasa kabisa kwa kawaida ni la chuma cha kijiko, halishiki makali hata ulinoe mpaka Idi. Shika bapa lililofunguliwa ulitikise kulia na kushoto. Likicheza leo, litacheza zaidi kesho. Plaizi ifumbe uielekeze kwenye mwanga: ncha zikutane kwanza, na pasipenye mwanga baina yake. Kisha bana karatasi uivute. Ikichomoka, ndoano haitashikwa.

Kuhusu kufunga: visu vingi vya Uswisi vya mfukoni havina kufuli, vinashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Vinatosha kwa kukatia kuelekea chini. Kuchoma kwa ncha, kutoboa kopo kwa bapa, au kujaribu kubandua kifuu cha nazi ni njia ya kukifunga kisu juu ya vidole vyako. Opinel ina pete ya kuzungusha, iliyoanza mwaka 1955, na plaizi nyingi kubwa zina kufuli la bapa. Kufuli lolote likijaa mchanga halishiki hadi mwisho, basi lisafishe kabla ya kuliamini. Dafu, tafadhali, liachie panga.

Kunoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kinoo cha pande mbili, anza upande wa chembe kubwa kama kisu kimekuwa butu kabisa, ukiulowesha kwanza maji. Bapa la upana wa milimita 15, mgongo wake uinuliwe juu ya jiwe milimita 4 hadi 5, na urefu huo usibadilike. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kijinywele cha chuma upande wa pili, kuanzia shinani hadi nchani. Geuza, fanya vivyo hivyo. Kisha upande laini wa jiwe, mapito machache kwa kupokezana, bila nguvu. Kijinywele kikibaki, kivutie kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kama kinoo hakipo, kitako cha kikombe cha kauri, pale pasipo rangi, kinafanya kazi ya upande laini.

Mwenye kukata kamba za katani kila siku aishie upande wa chembe kubwa: makali yenye mikwaruzo midogo yanaing'ata nyuzi, yale yaliyolainishwa sana yanateleza juu yake. Na usipeleke bapa jembamba kwenye jiwe la umeme la gereji. Dakika moja tu ya moto, ukiona ukingo umegeuka buluu, ugumu wa chuma umeondoka pale, na utanoa kila wiki mpaka umalize chuma kilichoungua.

Safari ya ndege ya kwenda Pemba au Unguja, vyote viwili vinakwenda kwenye begi la kupakiwa, hata kile kidogo cha gramu 60. Kwenye mkoba wa mkononi vitaishia kwenye kapu la mlinzi, na kapu hilo halina risiti.