Kwa marubani namba mbili: semeni "sikuoni"

Wiki hii, katika kikao cha tathmini, nimeona tena kosa lile lile: rubani namba mbili, yule anayeruka nyuma ya kiongozi na kumfuata, alimpoteza machoni kiongozi wake kwenye kona, akanyamaza kwa sekunde nne nzima. Wadogo zangu, nawapenda, lakini nimechoka kuusikiliza ukimya huo.

1. Kaza miguu na tumbo kabla ya kuvuta usukani. Kwenye 9G, yaani uzito mara tisa ya kawaida, rubani wa kilo 80 analemewa kana kwamba ana kilo 720, na damu ikishatoka kichwani umechelewa.

2. Taja mafuta yaliyobaki kabla hujaulizwa.

3. Ukimpoteza kiongozi, sema "sikuoni" papo hapo. Nilipokuwa mgeni kikosini, tuligeuka kuelekea jua, na ndege ya kiongozi wangu ikamezwa na mwanga. Nilijua neno la kusema, na kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha redio, lakini niliona aibu. Nikajiambia kwamba nitamwona sasa hivi, nikaendelea kukaza kona huku nikikisia alipo. Nilipomwona, tumbo la ndege yake lilikuwa limeziba kioo changu chote. Nikasukuma usukani kwa nguvu, tukapishana. Tulipotua hakunifokea. Alirudisha rekodi mahali pale mara tatu, kisha akaniuliza, "Sauti yako iko wapi?" Usiku ule sikupata usingizi, nikiwafikiria watoto wake, ambao walikuwa wakiniita mjomba.

Najua mnazihesabu nishani za marubani wa zamani na kuzitamani. Basi someni pia alivyokufa Oswald Boelcke, Mjerumani aliyeandika kanuni za mapigano ya angani mwaka 1916, mwenye nishani ya Pour le Mérite na ushindi mara 40. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo huo, katikati ya mapambano, ndege yake iligusana na ya Erwin Böhme, mwenzake wa kikosi kimoja, ikaanguka.

4. Kwenye tathmini, anza na kosa lako mwenyewe. Kiongozi wangu yule alikuja siku nilipovishwa nishani yangu ya kwanza, akanipa mkono, na jambo pekee aliloniuliza ni kama namba mbili wangu wananiambia wanaponipoteza. Kesho, kabla ya kuwasha injini, kila mmoja wenu atalitamka neno hilo mbele yangu, kwa sauti.