Miungu wa mlimani na “katika” ya kuazima

SWALI: Ninaandika riwaya ya nchi ya kubuni. Mhusika mkuu ni binti wa kuhani. Nimeandika: “Watu wa bondeni waliamini katika miungu iliyoishi mlimani.” Rafiki yangu anataka “walioishi”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako. Biblia inasema “Usiwe na miungu mingine ila mimi”, upatanisho ukifuata umbo la nomino, na hapo unafaa sana kwa sababu msemaji anaikana miungu hiyo. Wale wa riwaya yako wanaishi, wanakasirika, wanasema. Hao ni wa a-wa, ngeli ya viumbe hai: miungu walioishi mlimani.

Kinachoniuma ni hiyo “waliamini katika”. Miaka nenda miaka rudi naifuta, nayo inarudi. Ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Amini ni kitenzi elekezi, kinabeba chenyewe yambwa yake, yaani yule au kile kinachoaminiwa. Mama sokoni akipunjwa mkaa husema, “Yule simwamini.” Hajasema hata siku moja “siamini katika yule”. Mwislamu hufundishwa kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake na mitume wake. Yohana 14:1 ni “mnamwamini Mungu, niaminini na mimi”. Hata Wakatoliki, wanaosema “Nasadiki kwa Mungu mmoja”, wametumia “kwa”, si “katika”.

Sadiki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kukubali kuwa jambo ni kweli. Mwaka 1951 Shaaban Robert alilifanya jina la nchi nzima iliyo angani, Kusadikika, wala hakuhitaji kihusishi, neno kama “katika” au “kwa”.

Najua “katika” hii imeshazoeleka mahubirini, na mhubiri akiitamka simkatizi. Lakini wewe unaumba nchi na dini yake, na neno hili linakufichia mambo matatu. Waliamini kuwa mlimani kuna miungu? Waliwaamini, yaani waliwategemea mvua ilipokawia? Au waliwaabudu, wakapanda na mbuzi wa kafara? Hayo hayafanani. Mtu huweza kuabudu kwa hofu tu, bila kumwamini anayemwabudu.

Mwangalie huyo binti wa kuhani. Tangu utotoni amesikia sauti zao usiku, kwa hiyo anaamini kuwa miungu wapo. Kisha mdogo wake anakufa kwa kiu baada ya kafara kupokelewa. Tangu siku hiyo binti hawaamini tena miungu hao. Ukiandika “hakuamini tena katika miungu”, msomaji atadhani ameacha kuzisikia zile sauti, kumbe bado anazisikia kila usiku.