Kwa Wanaoanza Kuchunguza Mbegu za Misprusi Kaskazini mwa Kanada

Mtafiti mgeni anapofika katika miji midogo ya Churchill au Inuvik, ambako msitu hukonda hadi kubaki miti michache iliyotawanyika kabla ya tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, hushawishika kwanza kuhesabu koni, yaani vibeba-mbegu vyenye magamba, zilizojaa vileleni mwa misprusi, miti ya nchi za baridi ya jamii ya msonobari, na kuandika kwamba mwaka huu miti imezaa vizuri. Ninyi mnaoanza kazi hii nawasihi msikimbilie kuandika hivyo, kwa maana koni ni ghala tu, na ghala laweza kusimama imara bila punje hata moja ndani yake.

Anzeni na hali ya hewa ya mwaka uliopita. Machipukizi yatakayokuwa koni za msprusi mweupe hufanyika katika kiangazi kinachotangulia, na kiangazi chenye joto na ukavu huyafanya yawe mengi. Koni huchavushwa mwanzoni mwa kiangazi kinachofuata, na mbegu hukomaa kuelekea mwisho wa Agosti. Katika majuma hayo machache jalidi ya Juni inaweza kuua koni changa, mvua ya mfululizo huzuia chavua isipeperuke, na baridi ya muda mrefu huacha viinitete havijapevuka. Daftari lisilo na halijoto ya miaka miwili mfululizo halitawasaidia kueleza mengi.

Kisha pasueni koni kwa urefu, kutoka kitako hadi ncha. Inzi wa jenasi ya Strobilomyia hutaga yai katikati ya magamba ya koni changa, na funza wake huchimba njia inayozunguka mhimili wa koni akila mbegu moja baada ya nyingine. Kabla kiangazi hakijaisha huwa ameshadondoka na kujizika ardhini, akiacha njia ya kahawia yenye unga na utomvu, ilhali kwa nje koni inaweza kuonekana nzima. Kiwavi wa nondo Cydia strobilella, kwa upande wake, hukaa ndani ya mhimili majira yote ya baridi, hivyo mtamkuta humo. Msumbufu zaidi, kwa maoni yangu, ni nyigu mdogo wa jenasi ya Megastigmus, kwa kuwa buu wake huishi ndani ya mbegu moja na huacha ganda lake bila alama mpaka atakapokomaa na kulitoboa ili atoke.

Hata hivyo, msiwatwishe wadudu lawama ya kila mbegu tupu. Miti inaposimama mbalimbali chavua ya jirani huwa haba, mti hujichavusha wenyewe, na viinitete vingi hufa mapema huku ganda la mbegu likiendelea kukua kwa ukubwa wa kawaida. Kateni mbegu kwa wembe chini ya hadubini: iliyo nzima hujaa nyama nyeupe yenye kiinitete katikati, iliyokosa kiinitete huwa na utando mkavu tu, na yenye buu hujionyesha yenyewe.

Msitoe hukumu kwa msimu mmoja. Mwaka wa koni nyingi huwazidi wadudu uwezo, na mbegu nyingi husalimika. Ukifuatwa na mwaka wa koni chache, kizazi kipya cha wadudu hugombania chakula kidogo, na asilimia ya uharibifu hupanda sana. Baadhi ya wadudu hawa, isitoshe, huweza kulala zaidi ya majira moja ya baridi na kuibuka baadaye. Kwa hiyo anayesema kwamba joto likiongezeka misitu itasogea kaskazini moja kwa moja amevuka hatua nzima, kwa kuwa joto hilo hilo linalopevusha mbegu laweza pia kuwanufaisha wanaozila.

Kuhusu misprusi myeusi, kumbukeni kwamba matawi yake ya chini huota mizizi yakifunikwa na kuvumwani, hivyo miche iliyozunguka mti mkubwa si ushahidi kwamba mbegu zimeota. Na mchukue sampuli zenu kabla kindi wekundu hawajaanza kukata koni mbichi mnamo Agosti, kwa kuwa hupendelea zenye mbegu nyingi, na zitakazobaki mtini haziwakilishi tena zilizokuwapo.