Jibu: Marekani walishazuia, tatizo ni namna walivyozuia

Ndugu, umeuliza kwa nini Marekani wasiwapige marufuku waliofanya kazi serikalini kurudi kuishawishi serikali hiyohiyo kwa malipo. Walishafanya hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Januari 1993, siku aliyoapishwa, Bill Clinton alitia saini amri: mteule wake wa ngazi ya juu akiondoka, asiishawishi idara aliyoitumikia kwa miaka 5. Desemba 2000, wiki chache kabla ya kutoka Ikulu, akaifuta mwenyewe. Donald Trump naye akaweka miaka 5 yake Januari 2017, akaifuta saa za mwisho za muhula wake, Januari 2021. Yaani watu walisaini ahadi, kisha wakafunguliwa palepale ilipokuwa ianze kuwabana. Kwangu huo ni usaliti kwa mwananchi.

Amri ya rais hufutwa kwa kalamu ya rais, basi dawa ni sheria ya Bunge. Ipo, ila ni laini mno: mjumbe wa zamani wa Baraza la Wawakilishi husubiri mwaka 1, seneta miaka 2. Na hata katika muda huo hakatazwi kukaa nyuma ya pazia akiwaelekeza wenzake wamwone nani na lini. Hapo ndipo penye pesa! Kanada waliweka miaka 5 kisheria mwaka 2008, kwa mawaziri na maofisa wakuu.

Karani wa kawaida aachwe atafute riziki. Wa kubanwa ni yule aliyekuwa akiamua.